Uhuru wa Magazeti na Fedha za Walinzi wa Kaburi

Katika sura ya mwisho ya Injili yake Mtakatifu Mathayo atusimulia jambo ambalo mara nyingi twalipita upesi, kwa kuwa mioyo yetu yakimbilia furaha ya Pasaka. Ni habari ya askari waliowekwa kulilinda kaburi la Bwana wetu. Asubuhi ile baadhi yao waliingia mjini, wakawaeleza makuhani wakuu mambo yote yaliyotokea. Tuangalie vema: askari hao walieleza kweli. Walikuwa mashahidi, waliyaona kwa macho yao wenyewe, na taarifa yao ya kwanza haikuwa na kasoro. Ndipo wakubwa walipofanya shauri, wakawapa fedha nyingi, wakawafundisha la kusema: kwamba wanafunzi walikuja usiku wakauiba mwili, walinzi wakiwa wamelala. Tena wakawaahidi kwamba, habari ikimfikia liwali, watamtuliza wao. Askari wakazipokea fedha, wakaenda wakasema kama walivyofundishwa, na Mwinjili aandika kwamba uvumi huo ulikuwa ungali ukienea hata siku zake.

Katika kisa hiki kifupi mna mambo manne. Kuna shahidi anayeijua kweli. Kuna fedha. Kuna maneno yaliyotungwa na mtu mwingine. Na kuna mkubwa anayeahidi ulinzi. Mambo hayo manne yakikutana, kweli huuzwa. Wala uongo wenyewe hauhitaji kutungwa kwa ustadi. Mtakatifu Augustino aliwashangaa zamani mashahidi hawa waliolala: mtu aliyelala atajuaje mwizi alikuwa nani? Hata hivyo watu waliwasadiki, kwa sababu walisema wengi pamoja, na kwa sababu hakuna aliyeziona fedha.

Leo twataka kusema nanyi juu ya uhuru wa magazeti, na juu ya haki katika biashara ya habari. Tusemapo magazeti twataja pia redio, televisheni, na habari zinazosomwa katika simu, maana mlango umebadilika lakini mgeni ni yule yule. Huenda baba mmoja akasema: jambo hili ni la wakubwa wa Dar es Salaam na Dodoma, lanihusu nini mimi mkulima wa Ipelele? Latuhusu sote, na tutaanza na huyo baba wa Ipelele.

HABARI NI CHAKULA

Ipelele iko juu milimani, katika wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe. Ni nchi ya baridi, nchi ya viazi mviringo. Mkulima wa huko alima kwa jembe lake, avuna kwa mikono yake, kisha angoja mnunuzi aje na lori kutoka Njombe au Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu iendayo Zambia. Mnunuzi yule ajua bei ya Dar es Salaam ya jana jioni. Je, mkulima aijua? Akiwa na habari za kweli, ataweza kusema: ndugu yangu, bei yako ni ndogo. Asipokuwa nazo, atauza kwa bei aliyotajiwa, tena katika gunia la lumbesa, lililovimba kupita kilo 100 zinazoruhusiwa.

Sasa tuseme mtangazaji mmoja apokea kitu kidogo kutoka kwa dalali ili atangaze kwamba viazi vimejaa sokoni na bei imeanguka. Maneno yake ni machache tu, hayachukui hata dakika moja. Lakini kwa maneno hayo watoto watarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mama mjamzito atakosa nauli ya kwenda hospitali. Mtangazaji huyo hakuingia shambani mwa mtu usiku, wala hakubeba gunia hata moja. Je, hakuiba? Ameiba, na ameiba kwa watu wengi kwa mara moja. Amri ya saba na amri ya nane zimevunjwa kwa pumzi moja.

Tena kuna jambo zito kupita viazi. Katika utafiti wa afya wa mwaka 2016 na 2017 mkoa wa Njombe ulionekana kuwa na kiwango cha maambukizi ya UKIMWI kikubwa kuliko mikoa yote ya nchi yetu, asilimia 11.4 ya watu wazima. Wazee wa Makete hawahitaji kusimuliwa maana ya hesabu hiyo. Makaburi na watoto yatima wawaeleza. Kwa familia ya namna hiyo tangazo moja la uongo juu ya dawa laweza kuwa hukumu ya kifo. Tukumbuke mwaka 2011, wakati makumi ya maelfu ya watu walipokimbilia kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kimoja cha dawa kwa shilingi 500. Hatumhukumu yule mchungaji mzee aliyekitoa. Amekwisha kwenda mbele ya Hakimu wa wote. Lakini twauliza juu ya magazeti na redio zilizopokezana kwa majuma mengi habari za kuponywa, bila kungoja uthibitisho wa daktari, kwa kuwa habari hizo ziliuzika. Waganga wa hospitali walilazimika kuwasihi wagonjwa wasiache vidonge vyao. Nani atawarudishia uhai wale waliokwisha kuviacha?

Basi habari ni chakula. Mtu aweza kufa kwa kukosa chakula, na aweza kufa kwa kula chakula chenye sumu. Uhuru wa magazeti ni dawa ya lile la kwanza; uaminifu katika biashara ya magazeti ni kinga ya hili la pili. Mwenye kudai kimoja na kukiacha kingine amewaandalia watoto nusu ya chakula.

MOTO WA MFALME

Kwanza tuseme juu ya uhuru. Kitabu cha Nabii Yeremia, katika sura ya 36, chatupa mfano ulio wazi kuliko hotuba nyingi. Nabii alimsomea Baruku maneno yake, naye Baruku akayaandika katika gombo. Gombo likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu, aliyekuwa ameketi katika nyumba yake ya baridi, na makaa yawaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi, akazitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Wapo wakubwa waliomsihi asilichome, hakusikia. Kisha akaamuru nabii na mwandishi wake wakamatwe. Na mwisho wake ulikuwaje? Yeremia alitwaa gombo jingine, Baruku akayaandika tena maneno yale yale, na mengine mengi yakaongezwa. Mji haukuokoka kwa sababu gombo lilichomwa. Mji ulianguka kama gombo lilivyosema, na mfalme alikuwa amejinyima nafasi ya kutubu.

Hapo ndipo ilipo sababu ya uhuru wa magazeti. Mungu hakumpa mwandishi uhuru ili ajitukuze, wala ili awatukane wakubwa apate kucheka. Alimpa ili taifa lipate kujua ugonjwa wake mapema, nalo litibiwe. Mtawala anayelifunga gazeti la kweli ni kama mtu avunjaye kipimo cha homa akidhani homa imekwisha.

Nchi yetu yaujua moto huo tangu zamani. Mwaka 1958, chini ya serikali ya Kiingereza, wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na K. Baghdelleh, walifungwa gerezani kwa ajili ya maandiko yao. Mwaka huo huo Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU juu ya wakuu wa wilaya, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Taifa hili lilizaliwa pamoja na magazeti yaliyoshtakiwa. Ilifaa basi lisilisahau jambo hilo lilipokua. Lakini Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimwachia Waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na uwezo huo ulitumika. MwanaHalisi lilifungiwa mwaka 2012. Mwananchi na Mtanzania mwaka 2013. Ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na mwaka 2017 peke yake yalisimamishwa Mawio, MwanaHalisi, Raia Mwema na Tanzania Daima. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilihukumu kwamba vifungu kadha wa kadha vya sheria hiyo vyapingana na Mkataba wa Jumuiya. Mwezi Februari 2022 magazeti manne yalirudishiwa leseni, na mwaka 2023 sheria ikalegezwa katika baadhi ya vifungu vyake. Twashukuru kwa hayo. Lakini mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Mwananchi ilisimamishiwa leseni zake za mtandaoni kwa siku 30. Makaa yangali yapo mbele ya kiti.

Na wenyeji wa Njombe na Makambako hawahitaji kwenda mbali kutafuta shahidi. Mtu asafiriye kutoka Makambako kwenda Mafinga apita Nyololo, katika wilaya ya Mufindi. Hapo, tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, alipokuwa kazini kwenye mkutano wa chama cha siasa uliotawanywa na polisi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu huko Iringa ilimtia askari mmoja hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Miaka mitano baada ya kifo hicho, mwezi Novemba 2017, Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya Kibiti, alichukuliwa karibu na kwake wala hakuonekana tena. Tuwataje watu hawa katika sala zetu. Mtu ajapo kutuambia kwamba habari ni maneno tu, tumwulize kwa nini maneno tu yagharimu damu.

MKONO UNAOLISHA

Sasa tufike penye jambo ambalo wengi hawapendi kulisema. Gazeti laweza kuokoka motoni likafa kwa shibe. Mfalme Yehoyakimu alilichoma gombo. Wakubwa wa Yerusalemu wa siku za Pasaka walikuwa na akili zaidi: hawakuchoma kitu, walitoa fedha. Anayechomewa gombo lake ajua kwamba amedhulumiwa, naye ataliandika tena kama Baruku. Lakini aliyepokea fedha aliandike nini tena? Mdomo wake amekwisha kuuza, tena hana hata mtu wa kumlalamikia.

Taifa letu lilipata kulitazama jambo hili kwa macho mawili mwaka 1970. Gazeti la The Standard, lililoanzishwa hapa mwaka 1930, lilikuwa mali ya kampuni kubwa ya kigeni, Lonrho. Mwezi Februari mwaka huo Mwalimu Nyerere alilitwaa kuwa mali ya umma. Fikira yake ilikuwa na uzito: haifai sauti ya nchi iwe chini ya mfuko wa tajiri wa ng'ambo. Akamweka mhariri, mama Frene Ginwala wa Afrika Kusini, akaahidi kwamba gazeti litakuwa huru kuikosoa hata Serikali. Lakini mwaka 1971 gazeti liliandika maneno makali juu ya mauaji yaliyofanywa na serikali ya Sudan, na mama huyo akaondolewa. Mwaka 1972 gazeti likaunganishwa na The Nationalist, likawa Daily News. Tujifunze nini hapa? Kwamba kumbadilisha mwenye kulisha gazeti si kulifungua gazeti. Gazeti lililotoka mkononi mwa tajiri laweza kuingia mkononi mwa mtawala, na lililotoka mkononi mwa mtawala laweza kurudi mkononi mwa tajiri. Uhuru wa kweli haukai katika mkono unaolisha, hukaa katika dhamiri inayojua kusema hapana, na katika sheria inayoilinda dhamiri hiyo.

Wahenga walisema: Mkono mtupu haulambwi. Walisema tena: Penye udhia penyeza rupia. Methali hizi zaeleza watu walivyo. Hazifundishi watu wawe hivyo. Na katika kazi ya habari rupia hupenyezwa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni bahasha. Mwandishi aitwa kwenye semina au uzinduzi, na mwisho wa mkutano apewa posho, ambayo wenyewe waiita mshiko. Watu wamelizoea hata hawaoni haya. Lakini mwenye kutoa bahasha hakutoa sadaka. Amenunua kitu. Amenunua swali ambalo halikuulizwa.

Tusiwe wepesi, hata hivyo, kumtupia mawe mwandishi peke yake. Ya pili ni mshahara wenyewe. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira ya kudumu; hulipwa kwa kila habari iliyochapwa, na malipo hayo pengine hayatoshi hata nauli ya kutoka Njombe mjini hadi Ipelele na kurudi. Mwenye gazeti ajua hivyo. Anajua kwamba mtu wake atalishwa na yule anayemwandika, naye anyamaza, maana kwa njia hiyo apata habari kwa bei rahisi. Huu ni wizi wa ujira, na Mtume Yakobo ausema waziwazi: ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Sheria ile ile ya 2016 iliyotulalamisha kwa mengine iliwaagiza wenye vyombo vya habari wawakatie watumishi wao bima na kuwaandikisha katika hifadhi ya jamii. Wangapi wametii? Ajabu ni kwamba wapo waipigiao kelele sheria inapobana kalamu, na kunyamaza kimya inapomtetea mshika kalamu.

Ya tatu ni matangazo ya biashara. Tangazo si dhambi. Muuza mbegu aweza kutangaza mbegu, na mwenye duka duka lake. Na gazeti lisilo na matangazo kwa kawaida halidumu. Lakini linakuwa dhambi linapovaa nguo za habari, hata msomaji asijue kwamba asomayo yamelipiwa. Linakuwa dhambi linapolipa kimya: kampuni yenye kurasa nyingi za matangazo haichunguzwi, ofisi ya umma yenye matangazo mengi haiulizwi. Tena linakuwa dhambi linapouza maangamizi. Leo kijana wa Makambako aweza kuamka na kulala akisikia sauti ya mtangazaji ampendaye ikimhimiza kubeti, aweke elfu moja apate milioni. Mtangazaji yule yule akisoma taarifa ya habari, kijana huyo amsadiki. Heshima iliyojengwa na habari ndiyo inayouzwa kwenye tangazo. Fedha ya ada, fedha ya mbolea, fedha ya mama mzazi zapita humo.

SHAHIDI WA SIKU ZETU

Je, yawezekana gazeti kukataa fedha? Hapa hatuhitaji kubahatisha, kwa kuwa yupo mtakatifu aliyefia jambo hili hili. Padre Titus Brandsma alikuwa Mkarmeli wa Uholanzi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, na mshauri wa waandishi wa magazeti ya Kikatoliki ya nchi yake. Majeshi ya Hitler yalipoitawala Uholanzi, magazeti yaliamriwa kuchapa matangazo ya chama cha Kinazi. Hawakuambiwa wayaandike wenyewe wala wayasifu. Waliambiwa tu wayapokee, wayachape, walipwe, kama biashara nyingine. Mwanzoni mwa mwaka 1942, kwa agizo la maaskofu, Padre Titus alizunguka kwa wahariri mmoja mmoja, akiwaeleza kwamba gazeti la Kikatoliki haliwezi kuchapa matangazo hayo na kubaki la Kikatoliki. Wakatae, hata ikibidi kupoteza gazeti lenyewe. Alikamatwa mwezi Januari mwaka huo, na tarehe 26 Julai 1942 aliuawa kwa sindano katika kambi ya Dachau. Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Wasomaji wapenzi, tulifikiri neno hili. Mtu aliuawa kwa ajili ya matangazo ya gazeti. Mtu wa dunia angemwambia: Padre, ni tangazo tu, nafasi ya vidole vinne pembeni mwa ukurasa, watu wana akili zao, watajichagulia. Yeye alijua kwamba nafasi ile ya vidole vinne ndiyo mlango ambao uongo huingilia nyumbani ukiwa umevaa kanzu ya gazeti linaloaminiwa. Uhuru wa magazeti na haki ya biashara si mambo mawili. Katika mtu huyu mmoja vilikuwa kitu kimoja, na vilimgharimu uhai.

KILA MTU NA WAJIBU WAKE

Twajua watakaosema: gazeti ni biashara, karatasi yanunuliwa, umeme walipwa, faida sharti ipatikane. Ni kweli. Kanisa halikupata kufundisha kwamba faida ni dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulifundisha kwamba watu wana haki ya kupata habari, na kwamba habari sharti iwe ya kweli, na itolewe kwa njia zilizo halali. Faida ni mtumishi wa kazi hiyo. Wagema wa ulanzi wa Njombe wajua: mgema anayetia maji apate chupa nyingi apata faida siku moja, na siku ya pili wanywaji wahamia kilabu kingine. Ndivyo litakavyokuwa gazeti litiapo maji katika kweli.

Basi tuseme kwa kila mtu wajibu wake.

Kwa wenye vyombo vya habari: mlipeni mwandishi wenu ujira wa haki kabla hamjamhubiria maadili. Tengeni habari na tangazo kwa alama ambayo hata mtoto wa shule ataitambua. Waandishi na wahariri wa nchi hii walijiundia Baraza la Habari mwaka 1995, na kanuni za kazi zipo. Zitumieni pia ndani ya nyumba yenu, si juu ya nyumba ya jirani tu. Magazeti na redio za Kanisa hayakutolewa katika sheria hii. Msalaba uliochapwa juu ya ukurasa hausafishi bahasha iliyopokewa chini yake.

Kwa waandishi: kazi yenu ni wito. Mtakatifu Fransisko wa Sale, msimamizi wenu tangu mwaka 1923, aliandika mafundisho yake katika vikaratasi, akavipenyeza chini ya milango ya watu waliokataa kumsikiliza, wala hakumtukana hata mmoja wao. Muwe na ushujaa wake na upole wake. Tena mkumbuke fundisho la Kanisa juu ya malipizi. Aliyeiba ng'ombe hasamehewi huku amebaki na ng'ombe. Vivyo hivyo aliyemwondolea mtu jina lake jema kwa uongo ana deni la kulirudisha, kadiri awezavyo. Uongo ulipotolewa ukurasa wa kwanza, masahihisho hayatoshi kufichwa ukurasa wa mwisho chini ya matokeo ya mpira. Nanyi mnaopiga picha za waliofiwa, mkumbuke Njombe ya mwisho wa mwaka 2018 na mwanzo wa 2019, watoto walipokuwa wakiuawa na wazazi wakiwasindikiza wengine hadi mlango wa shule. Mzazi wa namna ile alihitaji habari ya kweli kama mtu aliyefungiwa gizani anavyohitaji taa. Machozi ya mama si bidhaa.

Kwa watawala: Katiba yetu, katika ibara ya 18, yampa kila mtu haki ya kutoa maoni na ya kupata habari. Haki hiyo si zawadi mnayotoa siku mkiwa na furaha. Anayetukana au kusingizia apelekwe mahakamani, ahukumiwe na hakimu asiye upande wa yeyote. Lakini yule anayelalamika asiwe ndiye mwamuzi, tena ndiye mfunga mlango. Wala matangazo ya ofisi za umma yasiwe chambo cha kuwavutia wanyenyekevu na fimbo ya kuwanyima wakaidi. Fedha hizo ni kodi ya mkulima wa Ipelele pia.

Na kwenu, akina baba na akina mama, twasema neno la mwisho, nalo si dogo. Magazeti huandika yanayonunuliwa. Msomaji akinunua fedheha, fedheha itaandikwa. Watu husema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkristo asiitumie methali hiyo kama ruhusa ya kusambaza asichokijua. Siku hizi kila mwenye simu ni mchapaji. Tarehe 1 Oktoba 2016, huko Chamwino mkoani Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo, waliokwenda kupima udongo, waliuawa na wanakijiji kwa sababu uvumi ulisema ni wanyonya damu. Hakuna gazeti lililowaua. Waliuawa na midomo iliyopokezana habari bila kuuliza: nani ameona? Basi kabla ya kuipeleka habari kwa jirani, baba na awaulize watoto wake mezani maswali matatu: Nani ameiona? Nani amelipa? Nani ataumia ikiwa si kweli? Familia iliyozoea maswali hayo haiwezi kununuliwa kwa urahisi. Na mkipata gazeti la kweli, lipieni bei yake. Anayeisifu kweli na kusoma bure kwa kuazima kila juma amemwachia mwenye bahasha kazi ya kulilisha gazeti lake.

Turudi kaburini. Asubuhi ile ile ya Pasaka zilitoka habari mbili mjini Yerusalemu. Ya kwanza ilichukuliwa na askari: watu wenye silaha, wenye fedha mkononi, wenye ahadi ya ulinzi wa liwali. Ya pili ilichukuliwa na Maria Magdalena na wanawake wenzake: hawakuwa na silaha, hawakulipwa kitu, na hata Mitume waliposikia walidhani ni upuzi. Mtu mwenye kupima kwa mizani ya biashara angesema habari ya askari itaishi, na ya wanawake itakufa kabla ya jua kuchwa. Fedha za walinzi zimekwisha zamani, wala hakuna ajuaye ziliishia wapi. Habari ya wanawake imefika hata Ipelele.

Mtakatifu Fransisko wa Sale na Mtakatifu Titus Brandsma watuombee. Mungu awape waandishi wetu moyo usioogopa moto na mkono usiotamani fedha, na awape wasomaji wetu masikio yanayopenda kweli hata inapowauma.